Kochi la Bluu

"Shoga, kochi hili umelitoa wapi?" nesi aliuliza, akijibweteka juu ya kitambaa cha bluu kisicho na hata mkunjo.

"Mume wangu kanitengenezea," mke wa fundi alijibu. Uongo ukamtoka bila hata kumkwaruza koo.

Akina mama wa ushirika wa kanisani wakapiga vigelegele. Ilikuwa zamu yake kuwakaribisha, na somo la siku, cheka kidogo msomaji, lilikuwa kuridhika na ulichonacho.

Mumewe alikuwa fundi makochi, na karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba. Alipotoka asubuhi kwenda kupima viti vya mteja, mke akaita majirani wakambebea kochi lililokwisha kutengenezwa. La kwao la zamani akalitupa uani, kwenye manyunyu. Jioni angerudisha la watu. Nani angejua?

"Hata langu jipya liko kwa mumeo," nesi alisema. "Nimemwambia anichagulie kitambaa mwenyewe. Likitoka hivi, nitamshukuru Mungu."

Mke wa fundi akatabasamu kwa shida. Simu yake ikatetemeka. Meseji ya mume: "Nimerudi karakana, sitaki kuwavurugia ibada. Tumeibiwa kochi la nesi. Jina langu limekwisha. Niombee mke wangu."

Niombee! Neno hilo lilimchoma kuliko tusi. Kabla hajapumua, simu ya nesi ikaita.

"Fundi? Limeibiwa?" Nesi akaruka juu. "Sema umeliuza! Na ulokole wote huo, kumbe tapeli!"

"Nesi, usimtukane mume wangu." Mke wa fundi alisimama. "Kochi lako ndilo ulilokuwa umelikalia."

"Hili?"

"Hilo. Mwizi ni mimi. Nilitaka mnione na mimi nimo. Sikujua ni lako, lakini nilijua si langu."

Mama mmoja akaangua kicheko, akajiziba mdomo haraka. Nesi akaitazama simu mkononi. Ilikuwa bado hewani.

Mke wa fundi akatokea mlango wa nyuma. Alimkuta mumewe keshazungukia uani, anafuta kochi la zamani kwa shati lake. Alilitengeneza kwa mikono yake kabla ya harusi yao, akiwa bado anajifunza kazi.

"Uliona aibu ya kochi," mume akauliza taratibu, "au yangu?"

"Nisamehe baba. Niliangalia vya wenzangu mpaka nikaacha kukuona wewe."

Hakumkaripia, na hilo lilimuuma zaidi. Mume akainama, akashika kochi la zamani upande mmoja.

"Shika upande huo."

Nesi mwenyewe ndiye aliyewashikia mlango.

"Fundi, nisamehe ulimi wangu," alisema. "Na kitambaa nimekipenda."

Somo alilisoma mke wa fundi, amekaa ubavuni mwa mumewe kwenye kochi la zamani. Maji yalimpenya gauni hadi mwilini. Wakamwambia ahamie la bluu, akakataa.