Gari Lililokuwa Likipumua

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare zake za shule, Noela humsaidia baba yake kuosha gari la abiria. Jumamosi hii hawakuwa na cha kuosha. Wiki nzima hakuna mtu wa Rwamgasa, kijiji chao cha wachimbaji, aliyekubali kulipanda.

Maneno yalikuwa yameenea. Gari hilo ndilo lililobeba maiti ya Enock, mchimbaji aliyeuawa na moshi wa pampu ya maji ndani ya shimo la dhahabu. Tangu hapo lilianza kupumua. Likisimama, mngurumo wake hupanda wenyewe, hushuka, kisha hupanda tena, kama mtu aliyelala. Watu walisema Enock hajashuka.

Baba Noela alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kikavu. Alisema iliyoharibika ni sensa ya oksijeni, kifaa kidogo kinachopima moshi ili injini ijue itumie mafuta kiasi gani. Mpya alikwisha kuinunua. Ile mbovu ilijificha nyuma ya injini na kutu imeishika, haifunguki mpaka bomba la moshi lipate joto. Basi akaingiza gari bandani, akafunga mlango wa bati ili majirani wasisikie likipumua, akawasha injini.

Noela alishika tochi. Mkono wa baba ulizama nyuma ya injini hadi begani. Mngurumo ukapanda, ukashuka. Kichwa kikaanza kumgonga Noela. Ndipo akasikia sauti ya mwanamume ikimwita polepole kutoka ndani ya gari.

"Noela. Noela."

 Alimtazama baba yake, lakini baba alikuwa ameiegemea injini, mdomo wazi, spana imemtoka mkononi. Pembeni, kuku aliyekuwa akiatamia alikuwa amelaza shingo juu ya mayai yake, hatikisiki.

Hofu ilimwambia akimbie mzimu. Lakini kuku hakumjua Enock, na Enock mwenyewe aliuawa na moshi. Noela alizima injini, akausukuma mlango kwa mgongo, akapiga yowe.

Mama yake, Apolonia, alikuja mbio. Wakamburuta baba hadi nje, majirani wakawapeleka baba na binti kituo cha afya, wakawekewa oksijeni.

Baba alipopona, walimaliza kazi uani. Injini ilipashwa joto, ikazimwa, na mkono mwembamba wa Noela, ukiwa na glovu nene, ukaifungua sensa mbovu na kufunga mpya. Injini ilipowashwa tena, ilinguruma sawasawa. Majirani walisimama wakisikiliza.

"Mama, ni nani aliyeniita siku ile?" Noela aliuliza.

"Hakuna aliyekuita, mwanangu. Moshi ule ukikuingia, unasikia hata yasiyokuwepo. Wenzake Enock wanasema naye aliitika 'naam' kule shimoni bila kuitwa, kisha akaanguka." Mama alimgeukia mumewe. "Injini haiwashwi ndani ya chumba kilichofungwa, Baba Noela. Tuliogopa maneno ya watu, na maneno hayajaua mtu. Moshi ungewaua."

 Baba alichukua spana ileile, akaenda kuung'oa mlango wa banda.