Namba Aliyoisoma Orpha

Kila siku baada ya shule, Orpha alikuwa na kazi tatu: kuosha vyombo, kumwogesha mdogo wake Espoir, na kugombana na mama yake kuhusu mahali pa kukaa mbele ya televisheni. Kazi mbili za kwanza zilikuwa na mwisho.

"Orpha, rudi nyuma! Utaingia mu tele!" mama yake, Pascaline, alipaza sauti kutoka jikoni.

"Niko nyuma, Mama."

Hakuwa nyuma. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, pua karibu iguse kioo. Alisogea nyuma kidogo, akasubiri mama arudie sufuria yake ya maharage, kisha akasogea mbele tena.

Pascaline aliamini kwa moyo wote kwamba televisheni hula macho ya watoto. Alikuwa amesema mara nyingi kwamba siku mtoto wake mmoja atakapoharibika macho, televisheni itatoka ndani ya nyumba hiyo na haitarudi. Naye hakuwa mtu wa kutisha bure. Aliwahi kusema kwamba baiskeli ikimwangusha Espoir ataiuza. Espoir alipoanguka, baiskeli iliuzwa kabla kidonda hakijakauka.

Ndiyo maana Orpha hakumwambia mtu yeyote jambo alilolijua tangu mwanzo wa mwaka wa shule. Vitu vya mbali vilikuwa vinamponyoka. Darasani, maandishi ya ubaoni yalionekana kama yamepanguswa na kiganja, kwa hiyo alinakili kutoka kwenye daftari la rafiki yake Amandine. Nyumbani alikisogelea kioo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na alijiona amelimaliza tatizo.

Familia yao ilitoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, na sasa ilikaa mtaa wa Mutanga Nord. Baba yake, Cirimwami, aliuza vitenge sokoni. Alikuwa mtu mwema, lakini maneno yake yalizoea kutoka kabla ya mawazo yake kufika. Aliposikia kwamba kituo cha televisheni cha hapa mjini kimeanza kurusha vipindi kadhaa kwa picha za HD, zile picha safi zinazoonyesha hata jasho kwenye paji la uso wa mchezaji, alinunua televisheni pana na nyembamba. Aliiwasha, akaona picha zilezile za zamani, akanuna.

Fundi Massoudi, mwenye kibanda cha vifaa vya umeme karibu na kituo cha basi, ndiye aliyemtoa kwenye ununaji huo. Alimweleza kwamba televisheni peke yake haitoshi. Dekoda, yaani king'amuzi, na waya navyo lazima viweze kupitisha picha hizo, na antena lazima iutazame mnara wa kituo. Akamuuzia dekoda mpya, akaziondoa nyaya za zamani zenye vichwa vya rangi tatu, akaweka waya mmoja mnene, kisha akaielekeza antena mashariki, kwenye mnara ulioko milimani. Picha ikang'aa. Cirimwami akamsifu Massoudi kwa kila jirani, hata kwa wale ambao hawakuuliza.

Sasa kulikuwa na jambo kubwa nyumbani. Kwaya ya parokia, ambamo Pascaline aliimba, ilikuwa imerekodiwa na kituo kile cha televisheni, na wimbo wao ungeonyeshwa Jumapili alasiri. Pascaline aliwaalika wenzake wote waje kutazama kwake. Hakuwahi kujiona kwenye televisheni, na wiki nzima alikuwa akiimba hata wakati wa kuchambua mchele.

Ijumaa, mvua ya upepo mkali ilipiga mji na kuigeuza antena. Jumamosi asubuhi picha zikawa zinakatika vipande vya mraba. Mtangazaji aliganda mdomo wazi, akazinduka, akaganda tena.

"Tumuite Massoudi," alisema Pascaline.

"Kwa kugeuza bomba ya antena tu? Massoudi iko na mikono ngapi, na mi niko na ngapi?" Cirimwami alijibu, na tayari alikuwa anatafuta ngazi.

Kwenye kioo aliweka ule ukurasa wa dekoda unaoonyesha namba ya ubora wa mawimbi. Kisha akamsimamisha Orpha mlangoni, mahali ambapo angeweza kukiona kioo na baba kumsikia kutoka juu ya bati.

"We unisomee ile namba," alimwambia. "Ikipita makumi saba, inatosha."

Kutoka mlangoni, namba ile ilikuwa doa jeupe tu. Orpha alikunja macho, doa likabaki doa. Angeweza kusema, "Baba, sioni." Lakini mama alikuwa pale pale jikoni, akisikia kila kitu, na kesho yake ilikuwa siku ya kwaya. Televisheni ingeondolewa usiku huohuo, na Espoir angemlaumu mpaka uzeeni.

"Iko ngapi?" baba aliuliza kutoka juu.

"Makumi ine!" alijibu Orpha. Aliibuni tu.

Bomba likalia likigeuzwa. "Na sasa?"

"Makumi tano!"

Orpha aliona kwamba namba haziwezi kushuka, kwa sababu mtu aliye juu ya bati lenye jua anataka kusikia zinapanda. Kwa hiyo zikapanda. Alipohisi baba ameteseka vya kutosha, alipaza sauti: "Makumi munane!"

"Njo hapo! Inatosha!" Cirimwami alifurahi, akakaza nati zote kwa nguvu.

Kabla baba hajashuka, Orpha alikimbilia kioo na kurudisha kipindi. Hakuitazama namba. Angekuwa karibu kiasi cha kuisoma, na hilo ndilo hakulitaka. Picha ilikuwepo, ikitetemeka kidogo, na baba aliridhika nayo.

Jumapili sebule ilijaa akina mama wa kwaya. Kulikuwa na soda, ndizi za kukaanga na kitambaa kipya cha meza. Kiongozi wa kwaya, Mama Daphrose, alipewa kiti kikubwa. Wimbo ulianza, na uso wa Pascaline ukatokea safi kabisa, hata hereni zilionekana. Sebule nzima ilipiga vigelegele.

Upepo wa alasiri nao ukaanza. Uso wa Pascaline ukakatika vipande, shavu moja likahamia kwenye paji. Sauti ikakwama kwenye nusu ya neno. Mtu mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Kioo kikawa cheusi, na kiliporudi, kilikuwa kinaonyesha tangazo la magodoro. Wimbo ulikuwa umekwisha.

Pascaline aliinuka. Alianza kukusanya chupa ambazo bado zilikuwa na soda ndani.

Cirimwami alisimama katikati ya chumba. "Kosa si antena! Jana nimeitengeneza mi mwenyewe, na mutoto alisoma makumi munane. Ile dekoda ni feki. Massoudi ametuibia!"

"Kumbe!" Mama Daphrose alishika kifua. "Na mi nilimupa kazi ya kuweka tele mu salle ya paroisse, ile ukumbi yetu! Apana. Kesho asubui namuambia abakie kwake."

Akina mama wengine walitikisa vichwa, kila mmoja akikumbuka jambo baya ambalo aliwahi kulisikia kuhusu mafundi. Orpha alikuwa amekaa kwenye mkeka wake. Aliona aibu, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu, kwa hiyo alinyamaza.

Jumatatu baada ya shule, Cirimwami aliibeba dekoda, akampa Orpha waya, wakaenda kwenye kibanda. Massoudi alikuwa anachomelea redio ya mteja, na wateja wawili walikuwa wakisubiri kwenye benchi. Cirimwami hakupunguza sauti kwa ajili yao. Alisema kila kitu: wageni, wimbo, magodoro, dekoda feki.

Massoudi alizima kifaa chake cha kuchomelea. "Antena ilionyesha ngapi?"

"Makumi munane. Ni Orpha njo alisoma."

Massoudi alimtazama Orpha. Orpha alitamani sana fundi huyo aseme, "Haiwezekani." Kama angesema hivyo, kweli ingetoka yenyewe bila yeye kufungua mdomo. Massoudi hakusema hivyo.

"Kama mutoto alisoma makumi munane, basi kosa ni yangu," alisema. "Mutoto hana sababu ya kunidanganya. Pengine na mi waliniuzia kitu mbaya. Unisamehe, Baba Orpha." Alinyoosha mkono kwenye rafu na kushusha dekoda nyingine. "Leo asubui Mama Daphrose aliniondoa kwa ile kazi ya salle. Nilifikiri ni juu ya mambo ingine. Sasa nimeelewa. Iko na haki."

Orpha alimwona mtu mzima akiomba msamaha kwa kosa ambalo hakulifanya, tena kwa kumwamini yeye. Hilo lilimshinda.

"Sikuione," alisema.

"Unasema nini?" baba aliuliza.

"Baba, mi sikuione ile namba. Pale ku mulango sikuone kitu. Nilikuwa nasema tu."

Cirimwami alikasirika. Alidhani binti yake anamwonea fundi huruma. Alinyoosha kidole ng'ambo ya barabara, kwenye ubao wa famasi wenye herufi kubwa za kijani. "Usicheze na mi! Soma pale!"

"Pale wapi?" Orpha aliuliza.

Cirimwami aliutazama ubao, kisha macho ya binti yake. Aliukumbuka mkeka. Alizikumbuka alama mbaya za shuleni, na jinsi alivyomwita mvivu mbele ya wageni. Alikishusha kidole.

Massoudi aliirudisha dekoda kwenye rafu. Hakutabasamu. "Baba Orpha, jana ulisema jina yangu mbele ya batu ngapi?"

"Kwaya yote."

"Basi uende kwa bote, useme kweli."

Walienda. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Daphrose, na Cirimwami alitaka Orpha abaki nje, kisha akabadilisha mawazo. "Ingia," alimwambia binti yake. "Mutoto alisema uongo, na mi niliupokea nikautangaza bila kuuliza," alimwambia Mama Daphrose. "Massoudi si mwizi." Mama Daphrose aliwakaripia wote wawili kwa zamu, bila upendeleo, kisha akachukua simu na kumrudishia Massoudi kazi yake. Kwenye nyumba ya tatu walikuta habari imeshatangulia mpaka kwa ndugu wa mwenye nyumba, aliyekaa Kajaga. Mama mwenye nyumba aliahidi kumpigia simu, ingawa alionekana kuipenda zaidi ile habari ya kwanza. Cirimwami alichukua namba ya ndugu huyo, akampigia mwenyewe.

Kesho yake Massoudi alipanda juu ya bati. Safari hii Orpha alikaa karibu na kioo, na Espoir akasimama mlangoni kupitisha maneno. "Makumi mbili na tisa," Orpha alisoma kwa sauti. Hiyo ndiyo namba ambayo baba yake aliikazia nati. Baada ya muda mfupi ilifika makumi munane, ya kweli.

Siku ya Alhamisi Pascaline alimpeleka kwa daktari wa macho. Daktari alimkalisha upande mmoja wa chumba, akambadilishia vioo vya miwani kwenye fremu nzito, akimuuliza herufi za ukutani. Pascaline alikaa upande wa pili na kuuliza swali lake.

"Daktari, ni tele imekula macho yake?"

"Apana, Mama. Hakuharibika macho sababu ya kukaa karibu. Alikaa karibu sababu haone mbali. Miwani itamusaidia."

Pascaline alimgeukia binti yake. "Orpha, juu ya nini haukuniambia?"

"Ulisema utatoa tele. Na nilijua utatoa."

"Ningetoa, kweli," alisema mama. "Hapo na mi niko na kosa. Kama mutoto anaogopa kusema anaumwa, mama yake amekosea mahali. Lakini sikia, mutoto yangu. Ile wimbo imepita, hakuna shida, tutaimba ingine. Tele ikitoka, tutanunua ingine. Jina ya Massoudi, kama tungeiharibu kabisa, tungenunua ingine wapi? Usipoona, useme hauone. Hata ukiogopa, useme."

Orpha aligeukia sauti ya mama yake. Daktari alikuwa amemaliza kuweka kioo cha mwisho, na kutoka upande huu wa chumba hadi ule, Orpha aliona wazi kwamba mama yake analia.