Mwanarusi Akataa Kupanda

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mwanarusi alimsaidia babake kupanga madafu kwenye tenga lililofungwa nyuma ya baiskeli. Mzee Faki alikuwa muuza madafu, na hapakuwa na njia ya Mtongwe wala Likoni asiyoijua. Alikuwa mpole, lakini neno moja halikutajwa nyumbani kwake: saratani.

Mwanarusi alikuwa na miaka minane taya lake la kushoto lilipoanza kuvimba. Walisema ni jino, likang'olewa. Uvimbe ulipozidi walisema ni kijicho cha watu, akapelekwa kwa mganga. Miezi mitatu ikapita hivyo. Alipofikishwa hospitali jicho lilikuwa halifunguki. Alitundikiwa dawa za kumchoma mishipa, nywele zikapukutika zote, akatapika hadi akatamani kuacha. Lakini alipona. Sasa, mwaka wa 1992, alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alama pekee iliyobaki ilikuwa shavu lililobonyea.

Siku moja Sista Rispa, muuguzi wa zahanati, alifika shuleni kwao. Alieleza kwamba kutakuwa na matembezi ya hisani kutoka Likoni mpaka Tiwi, kilometa ishirini hivi. Fedha zitakazochangwa zitawasaidia madaktari kuichunguza saratani ya taya: kwa nini huwashika watoto, na ni dawa gani itakayoitibu vyema zaidi.

"Mwenye miaka kumi na miwili na zaidi anaweza kutembea," alisema, "mradi mzazi atie sahihi kwenye fomu hii."

Mwanarusi alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Tsofa, aliyeketi nyuma yake, akacheka. "Wewe utaanguka kabla ya kufika Ng'ombeni. Baki utugawie maji."

"Maji utagawa wewe," Mwanarusi alimjibu bila kugeuka.

Lakini nyumbani babake alikataa. "Umeteseka vya kutosha. Sitaki watu wakutazame."

Mwanarusi hakubishana. Alichukua kalamu, akaandika mwenyewe jina la babake kwenye fomu, akaipeleka zahanati.

"Babako ameridhia?" Sista Rispa aliuliza.

"Ameridhia."

"Vyema sana. Siku hiyo nitampa mkono."

Mwanarusi alitoka. Alipofika langoni akasita. Alijiona akisimama mbele ya watu kama shujaa, na babake hana habari. Akarudi ndani.

"Sista, nimekuongopea. Hiyo si sahihi ya baba."

Muuguzi aliichana ile fomu, akampa nyingine. "Ulikabili ugonjwa uliowashinda watu wazima, Mwanarusi. Mbona unamzunguka babako? Mwendee, umwambie unalotaka."

Alimkuta uani akinoa panga.

"Mwanarusi," babake aliita alipomwona amesimama tu.

"Abee, baba. Niliandika jina lako kwenye fomu ya matembezi. Nimekosa, uniwie radhi. Lakini bado nataka kutembea."

Mzee Faki aliacha kunoa. "Nilisema hapana."

"Nilipokuwa mgonjwa niliambiwa nikae, nikakaa. Nimepona, na bado naambiwa nikae. Nitasimama lini, baba?"

Mzee akasema polepole, "Hujui, mwanangu. Si wewe ninayekuonea haya. Ni mimi. Wataniuliza, Faki, mbona ulikaa na mtoto nyumbani miezi mitatu?"

"Basi wakiuliza, uwajibu."

Hakuwahi kumjibu babake hivyo. Alingoja kukemewa. Mzee Faki alijifuta mikono kwenye kikoi, akaiomba kalamu.

Jumamosi ya matembezi watu zaidi ya mia moja walianza safari Likoni. Babake Mwanarusi alifuata nyuma kwa baiskeli, amepakia madafu ya kuwapoza watembezi. Walipita Shika Adabu, wakapita Ng'ombeni, na Mwanarusi hakuanguka. Baada ya Waa jua likawa kali, lami ikawaka. Visigino vyake vilichubuka, akavua viatu, akatembea kwenye majani ya kando ya barabara.

Gari la wachovu, la kuwabeba walioshindwa kutembea, likapita taratibu. Tsofa alikuwa amekwisha panda.

"Njoo, nafasi ipo," alimwita, na safari hii hakuwa na kejeli.

"Nenda tu, Tsofa. Tutaonana Tiwi."

Babake akasogea karibu. "Panda baiskeli, mwanangu. Hakuna atakayekulaumu."

"Baba, baiskeli hii ndiyo uliyonipakia kwenda hospitali. Siku ile sikuweza hata kukaa, ulinifunga mgongoni kwa leso ya mama. Leo sipandi."

Mzee Faki alishuka, akaikokota baiskeli, wakatembea sambamba.

Waliingia Tiwi wa mwisho kabisa. Watu walikuwa wamekaa, wakasimama tena kuwapokea. Sista Rispa alimletea Mwanarusi kipaza sauti, lakini pumzi zilikuwa hazijamrudia. Babake ndiye aliyenyoosha mkono.

"Mimi ni Faki, muuza madafu wa Mtongwe," alisema. "Huyu ni binti yangu. Alipovimba taya nilimng'oa jino, nikampeleka kwa mganga, nikamweka ndani miezi mitatu. Nilikaribia kumuua kwa kuona haya. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Msifanye nilivyofanya mimi."

Hakuna aliyemuuliza kitu. Baada ya muda mwanamke mmoja wa pale Tiwi alipenya kati ya watu, amembeba mtoto wa miaka minne hivi. Shavu la mtoto lilikuwa limevimba.

"Huyu wangu wamesema ni jino," mwanamke alisema. "Alikuwa hivi, huyu wako?"

Mzee Faki alilitazama shavu lile, kisha akamtazama Sista Rispa. "Mpelekeni leo," alisema. "Msingoje kesho."

Sista Rispa alimwita dereva wa gari la wachovu. Tsofa na wenzake wakateremka upesi, mama na mtoto wakapanda, gari likageuzwa kuelekea hospitali.

Mwanarusi aliketi chini, babake akampasulia dafu la mwisho.

"Ungetembea kwa sahihi ya uongo, ungefika," Mzee Faki alimwambia. "Lakini ungefika peke yako, nami ningekuwa nyumbani na siri yangu. Ukinipinga, mwanangu, nipinge usoni hivi hivi, kwa adabu na kwa ukweli. Ukaidi wa namna hiyo huponya watu."