Mguu wa Babu Iwao

Kila asubuhi saa moja na nusu, babu yangu aliwasha gari letu dogo jeupe na kusema maneno yale yale: "Twende taratibu, machenza yasije yakatulalamikia." Nyuma kulijaa makreti ya machenza kutoka shamba letu la mlimani, na mbele nilikaa mimi, mkoba wa shule mapajani. Shule yetu ya zamani ilifungwa kwa kukosa watoto, kwa hiyo sisi wa kijiji cha Okuhama tunasoma ng'ambo ya mlima. Barabara ya huko ina kona kumi na tisa, na ninazijua zote.

Babu yangu anaitwa Iwao. Alikuwa na umri wa miaka sabini na tisa, na katika maisha yake yote barabarani hakuwahi kugonga hata paka. Gari lake lilikuwa na tabia ya kushtuka kila alipoanza kupanda mlima, ndipo mjomba Kengo, ambaye ni fundi wa magari mjini, akalifungia kisanduku kidogo chenye kitufe cha kuzungusha chini ya usukani.

"Hiki hakiongezi nguvu, baba," mjomba alimweleza. "Ukikanyaga mafuta, hiki ndicho kinachopeleka habari kwa injini. Ukikizungusha kushoto, kinaisemesha kwa upole. Ukikizungusha kulia, kinaipigia kelele."

Alikizungusha kushoto mpaka mwisho, na taa ndogo ya kijani ikawaka. Tangu siku hiyo gari likatulia. Babu hujaza tangi kila Jumapili na kupiga hesabu yake kwenye kalenda ya jikoni, na alitutangazia kwa fahari kwamba lita moja ilimfikisha kilomita kumi na saba.

Utulivu huo ndio ulionikera. Kila tulipofika kwenye lango la shule, magari matatu au manne yalikuwa yametufuata nyuma kama msafara wa maziko, na Rikuto wa darasa letu alikuwa anatungoja.

"Jamani, konokono kafika!" alipiga kelele. "Kotone, mlianza safari jana, nini?"

Wote walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini moyoni nilikuwa nawaka.

Basi, Jumatatu moja Babu alishuka garini kumsaidia jirani yetu, Bi Tome, kupanda kiti cha nyuma. Bi Tome huenda kliniki kila Jumatatu. Babu alipokuwa amenipa mgongo, nilinyoosha mkono nikakizungusha kile kisanduku kulia mpaka mwisho. Taa ikawa nyekundu. Kazi yote haikuzidi muda wa kupiga chafya.

"Lo! Leo limekunywa kahawa hili!" alisema Babu gari liliporuka.

"Iwao! Nywele zangu!" alilia Bi Tome. "Nimetoka kuzitengeneza jana!"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Langoni Rikuto alifungua kinywa asipate la kusema. Furaha yangu ilidumu mpaka Ijumaa.

Ijumaa makreti mawili yalimwagika kwenye kona ya pili. Babu alikuwa akikanyaga mafuta kama alivyozoea, gari linaruka. Akishtuka anaachia, anapiga breki, anakanyaga tena, linaruka tena. Mlima wote tuliupanda hivyo, na jasho lilikuwa linamtoka ingawa ilikuwa Novemba. Jumapili alisimama mbele ya kalenda akapiga hesabu mara mbili. Alivua miwani, akaifuta, akapiga mara ya tatu.

"Kumi na tatu," alisema. "Gari ni lile lile, na barabara ni ile ile. Kilichobadilika ni mguu wangu."

Nilikuwa mezani, bakuli la wali mkononi. "Babu..." nilianza.

"Kula, mjukuu wangu, wali unapoa."

Nikala.

Jumanne gari liliruka kwenye maegesho ya posta, likapanda bustani ya maua na kusimama hatua moja tu kutoka ukutani. Hakuna aliyeumia. Lakini mama yangu, Sayoko, aliporudi kutoka kazini, habari zilikuwa zimeshamfikia. Kila wiki tunasikia kwenye taarifa juu ya mzee aliyekanyaga mafuta akidhani ni breki. Alipiga magoti mbele ya baba yake.

"Baba, nisamehe kwa hili ninalolisema. Naomba uirudishe polisi leseni yako ya udereva."

Nilitegemea Babu angekataa. Ni mbishi, kijiji kizima kinajua. Lakini alitoa ufunguo mfukoni akauweka mezani.

"Una haki, binti yangu. Ningemgonga mtoto wa watu, ningeuficha wapi uso wangu?"

Mama aliutia ufunguo kwenye mkoba wake, ule anaokwenda nao kazini kila siku. Sasa hata kama ningetaka kukirudisha kisanduku kimyakimya, nisingeweza kuufungua mlango wa gari. Na hata ningekirudisha, kingesaidia nini? Aliyekuwa ameharibika sasa ni Babu.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Mama alinipeleka shule kwa gari lake. Machenza yaliiva na kuanguka, na Babu aliyabeba mgongoni kwa kapu, akipumzika kila baada ya ngazi chache. Basi hupita kijijini mara mbili tu kwa siku, na kwa magoti yake Bi Tome hafiki kituoni kwa urahisi.

Alhamisi nilirudi kutoka shule nikamkuta Babu amekaa sakafuni peke yake, ameegemea ukuta. Mguu wake wa kulia ulikuwa juu ya mto wa kukalia. Aliubonyeza mto polepole, akaachia, akaubonyeza tena.

"Babu, unafanya nini?"

"Naufundisha," alisema bila kunitazama. "Nauambia bonyeza kidogo, wenyewe unabonyeza sana. Miaka hamsini na zaidi tumesikilizana, leo hautaki kunisikia."

Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Lakini ulimi ulikuwa mzito, na kila siku iliyopita iliuongezea uzito, kwa sababu sasa ningelazimika kueleza kosa pamoja na ukimya wangu. Nilikwenda chumbani nikajifunika uso kwa mkoba wa shule na kulia.

Jumatatu ilikuwa siku ya kwenda kituo cha polisi kurudisha leseni. Mama aliomba ruhusa kazini. Babu alivaa suti ambayo hakuwa ameivaa tangu maziko ya bibi. Bi Tome alikuja mpaka uani kwetu na fimbo yake, eti anapita tu kuelekea kituo cha basi. Gari la Babu lilikuwa limeoshwa likang'aa. Babu aliweka kiganja juu ya paa lake.

"Pole," aliliambia. "Wewe huna kosa. Mguu wangu ndio uliokutesa." Kisha akaliinamia, kama mtu anavyomwinamia mtu kumwomba radhi.

Hapo nilishindwa.

"Babu, mguu wako ni mzima!" nilipaza sauti. "Ni mimi! Nilikizungusha kile kisanduku! Ile Jumatatu ya nywele za Bi Tome!"

Mama alinitazama kana kwamba hanijui. Alifungua mlango, akawasha gari, akainama chini ya usukani. Taa nyekundu ilikuwa inawaka.

"Wiki mbili," alisema. "Wiki mbili umekaa unamtazama tu!"

Babu alikaa kwenye ngazi ya mlango, akautazama mguu wake ndani ya kiatu kilichopigwa rangi.

Mama alimpigia simu mjomba Kengo, naye akaja kutoka mjini. Siku hiyo hakutania. Alikirudisha kisanduku kushoto, akamweka Babu kwenye usukani na kukaa kando yake, na Bi Tome akadai kiti chake cha nyuma.

"Shingo yangu ikiruka hata mara moja," alisema, "nateremka nakwenda kwa miguu."

Walizipita kona zote kumi na tisa, kwenda na kurudi. Bi Tome alishuka akijishika nywele, hakuna hata unywele uliohama mahali pake. "Huyu ndiye Iwao ninayemjua," alisema, na macho yake yalikuwa na machozi.

Mjomba aliniita kando. "Kisanduku hakinywi mafuta, Kotone. Babu alikanyaga kidogo kama alivyozoea, injini ikasikia amekanyaga sana. Gari likaruka, akapiga breki, akaanza upya. Kila kuruka kunakula mafuta, na kila breki inayatupa yale yaliyokwisha kuliwa. Ndiyo maana kumi na saba ikawa kumi na tatu."

Mama hakuridhika na maneno ya mtu yeyote. Alimpeleka Babu kwenye mtihani wa madereva wazee, akapimwa macho, akili na miguu, akapita. Mimi nilikwenda posta, nikainamisha kichwa mbele ya wafanyakazi na kuomba radhi, kisha nikapanda maua upya kwa mikono yangu. Jumapili ya pili, kalenda ilisoma tena kumi na saba.

Lakini niliona jambo ambalo kalenda haikuliandika. Kabla ya kukanyaga mafuta, Babu alisita. Aliutazama mguu wake kwanza, na posta aliegesha mbali kabisa na ukuta. Asubuhi moja nilishindwa kuvumilia.

"Babu, nisamehe. Mguu wako haukukosea."

Alizima injini.

"Kisanduku tulikirudisha kwa vidole viwili," alisema. "Hofu bado naitoa kidogo kidogo. Kuchezea gari ni utoto, Kotone, ningekufokea kisha ningecheka. Lakini uliniona nikijilaumu kwa kosa lisilo langu, na ukweli ulikuwa mdomoni mwako. Ukiona hivyo tena, kwa mtu yeyote, usingoje kesho. Kesho ukweli unakuwa mzito zaidi, na mwenzako anazidi kuumia."

Niliitikia kwa kichwa. Nilidhani amemaliza.

"Na kuna jambo jingine. Iko siku mguu huu utachoka kweli, na huenda mimi nisijue. Mama yako atanionea huruma, Kengo ataleta mzaha. Nataka wewe, unayekaa hapa kila asubuhi, ndiye uniambie. Utaweza?"

Niliutazama ule mguu. Nilitaka kumwambia kwamba siku hiyo haitakuja kamwe, lakini ungekuwa uongo mwingine.

"Nitaweza, Babu," nilisema. "Siku hiyo hiyo."

Akawasha gari. "Basi twende," alisema, "taratibu."