Posa ya Binti Yangu na Bendi Mbili za Wazungu

Naapa mbele yenu nyote mnaosoma: haya ni kweli tupu, alifu mpaka yee. Hakuna chumvi, hakuna pilipili. Anaebisha aje Wambaa aulize nyumba ya Mzee Ame, fundi wa pampu ya maji, mstaafu. Ataoneshwa na mtu wa kwanza tu.

"Beba chano, Shehe. Tunaondoka!"

Ndivyo alivyosema Mzee Mmanga. Ndani ya nyumba yangu, juu ya busati langu, na kikombe cha kahawa yangu bado anacho mkononi...

Na chano chenyewe, sinia la zawadi, ni cha posa ya binti yangu, Rahila.

Nimezaliwa Pemba hii, nimezeekea Pemba hii. Nimeona posa ikikataliwa. Nimeona posa ikikawizwa mpaka muoaji akaoa kwengine. Lakini posa iingie ndani, ifunuliwe, inukie udi nyumba nzima, kisha ibebwe kurudi ilikotoka? Hilo sijapata kuliona.

Nimeliona kwangu!

Nyuma ya pazia nikasikia mtu analia. Rahila.

Na mke wangu, Bi Saada, niliekula nae chumvi na ndimu, badala ya kunitetea akapaza sauti wageni wasikie:

"Marekani ipi? Huyo hata Tanga hajafika!"

Jamani... mke wangu mwenyewe!

Na chanzo sio mahari. Sio ukoo. Ni bendi mbili za wazungu wenye magita!

Tulieni niwaeleze.

Zamani kidogo, baharia mmoja pale bandarini Mkoani alinipa kanda. Nilimtengenezea pasi yake ya nguo, akawa hana cha kunipa. Juu ya kanda pameandikwa kwa kalamu: CREED. Bendi ya roki, ya Marekani.

Mie sikusoma sana. Umeme nimejifundisha mwenyewe, na Kiingereza nimejifundisha kwenye kanda ile ile. Naipiga, nasimamisha, narudisha nyuma. Muimbaji ana sauti nzito, kama anaongea kutoka kisimani. Nikampenda.

Mtaa mzima ukanicheka.

"Mzee Ame, hilo trekta lako leo limepata nini?"

"Hiyo ni roki, nyie washamba!"

Sasa mtu akichekwa kila siku atajitetea vipi? Nikaanza kusema kuwa bendi ile naijua. Mwaka wa pili nikawa nimewaona kwa macho. Mwaka wa tatu nikawa nimekwenda Marekani kwa meli. Hadithi ikanenepa, yakhe. Na barazani kila mtu akawa anaitaka, hata asieiamini.

Hiyo haikumdhuru mtu. Mpaka akatokea Usama.

Usama ni mwalimu, anasomesha skuli moja na Rahila. Kijana mtulivu, hana neno na mtu. Walipendana kwa heshima zao, wakasubiri baba yake, Mzee Mmanga, arudi moja kwa moja kutoka Canada alikofanya kazi umri wake wote. Karudi. Posa ikapangwa Ijumaa baada ya sala ya alasiri.

Asubuhi ya siku hiyo Rahila akaja kukaa karibu yangu.

"Baba, nakuomba kitu kimoja. Leo usihadithie."

"Nihadithie nini tena?"

"Chochote. Wakikusalimu, itikia. Wakileta posa, pokea. Wakitaka jawabu, sema tutashauriana. Basi."

"Kwani mie bubu?"

"Leo tu, baba. Kuwa bubu leo tu. Mie huyu Usama ndie nimtakae."

Alisema huku anaangalia chini. Nikamuahidi.

Na nilikusudia kweli!

Wakaja. Mzee Mmanga, kanzu nyeupe pee, bakora mkononi. Na mshenga wao, Shehe Othman, mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu ambae hata kuku wa mtaani hunyamaza akipita.

Salamu. Udi. Kahawa. Shehe Othman akafunua chano, akasema maneno mazuri. Mie naitikia tu. "Alhamdulillahi." "Inshallah." "Tutashauriana."

Nyuma ya pazia najua mwanangu anamshukuru Mungu.

Kisha Mzee Mmanga akageuza shingo, akaiona redio yangu ya kanda pale kwenye kabati.

"Mzee mwenzangu, kumbe na wewe mtu wa muziki?"

Nikachukua kikombe.

"Wa aina gani?"

Nikanywa kahawa.

"Taarabu?"

Jamani, mtu aulizwe mara ngapi?

"Roki," nikasema. "Creed."

Uso wa Mzee Mmanga ukafunguka kama mlango!

"Allah! Roki, hapa Wambaa? Mie mtu wa Nickelback, bendi ya huko huko Canada. Lakini unajua bendi yako na yangu zote mbili zinachekwa dunia nzima? Kanda zao watu wamezinunua kama mchele, lakini mtafute anaekubali kuwa anazipenda! Kazini walinicheka mpaka nikawa nasikiliza kwa kujificha, kama mtu anaekula mchana wa Ramadhani."

Moyo wangu ukamwendea. Mtu aliechekwa kama mie!

Ningeishia hapo ningekuwa mtu na akili zangu.

"Wewe walikuwa na haki kukucheka," nikamwambia. "Muimbaji wa Nickelback anaimba kama kakwamwa na mwiba wa samaki changu."

Akacheka. "Na wa Creed je? Kakunja uso kama kabebeshwa gunia la karafuu mbichi!"

"Creed wanaimba mambo mazito, Mzee Mmanga. Mtu na Mola wake."

"Ndio, lakini hata akiomba chumvi analia! Nickelback angalau wanajua kucheka."

"Nickelback nyimbo yao ya mwanzo na ya mwisho ni moja. Wanabadilisha shati tu."

Tukacheka wote. Hata Shehe Othman ndevu zilimtikisika. Nyuma ya pazia Bi Saada akakohoa kikohozi kile cha *inatosha*.

Lakini Mzee Mmanga akauliza:

"Creed wewe uliwajulia wapi?"

Ndugu zangu... mdomo wangu haukunisikia. Niliuona unakwenda, kama gari la ng'ombe linaloteremka mlima peke yake, na mie niko nyuma nimeshika kamba iliyokatika.

"Marekani," nikasema. "Jenereta la onyesho lao lilizima. Nikaitwa mie. Nikaunga waya kwa meno."

Kikohozi cha pili nyuma ya pazia.

"Na hao Nickelback wako," mdomo ukaendelea, "walikuwa nje ya geti, wanaomba waingie wapige japo nyimbo moja. Mie ndie niliewarudisha. Nikawaambia, nendeni mkafanye mazoezi!"

Mzee Mmanga hakucheka tena. Aliniangalia kwa upole, kama mtu anaemnyooshea mkono aliezama.

"Mzee Ame. Hayo ni ya barazani, sio? Tunacheka tu."

Mlango wa kutokea alinifungulia yeye mwenyewe. Ningesema "ndio" tu...

"Ni kweli tupu."

"Mbele ya Shehe?"

"Wallahi," nikasema. "Wallahi, nilikuwepo!"

Shehe Othman akaweka kikombe chini. 

"Basi tuwekee hiyo kanda," akasema Mzee Mmanga.

Nikaiweka. Gita likaanza, kisha ile sauti yangu ya kisimani. Nikafumba macho kwa raha. Nilipofumbua nikamkuta Mzee Mmanga anaimba nayo taratibu, neno kwa neno, hakosei hata moja.

"Mzee Ame," akasema. "Hawa sio Creed."

"Nini?"

"Hawa ni Nickelback."

Nikaitoa kanda, nikamuonesha maandishi. Akatikisa kichwa.

"Alieandika kakosea. Umri wote huu umekuwa unawapenda wangu, na unawatukana kwa jina lao!"

Nikamtafuta wa kuniunga mkono, nikageukia pazia.

"Rahila! Mwambie! Hii si Creed?"

Sauti ya mwanangu ilitoka ndogo sana:

"Ni Nickelback, baba. Simu yangu iliitambua zamani."

"Ukajua ukanyamaza?"

"Ulikuwa unafurahi..."

Kumbe mke wangu alijua. Usama alijua. Na hapo ndipo Mzee Mmanga aliponimaliza:

"Hata mie nilijua kabla sijaja, nikajifanya sijui. Usama alinirikodia kanda yako. Nilikuja mbio, Mzee Ame! Nilisema Pemba nzima kuna mtu mmoja anaesikiliza bendi yangu, na binti yake ndie amtakae mwanangu. Uongo wako wa meli niliambiwa, nikasema ni chumvi tu, nami naipenda. Lakini umeapa. Mwanangu ataishi na neno la nyumba hii, na neno lenyewe ndio hili?"

Akasimama. Ndio akasema abebewe chano. Ndio Rahila akalia, na Bi Saada akanitangazia Tanga yangu.

Mie nilikaa pale pale. Nikaitazama kanda mkononi. 

Shehe Othman alikishika chano lakini hakukinyanyua.

"Mmanga, kaa kwanza. Kiapo cha uongo kina toba yake na kina kafara yake. Ame, utawapa masikini kumi, kila mmoja kibaba cha mchele. Utapeleka mwenyewe, kwa miguu yako. Na anaekuuliza kafara ya nini, utamwambia."

"Nitamwambia nini, Shehe?"

"Kama ilivyokuwa."

Mzee Mmanga akafikiri. "Akimaliza nitarudi. Asipomaliza, Usama atatafutiwa kwengine."

Basi nikatoka na kikapu. Mtihani wangu ulikuwa sio mchele. Ulikuwa mlango hadi mlango, kuivua Marekani yangu mbele ya watu!

Bi Bimkubwa, mjane wa nyuma ya msikiti, alikipokea kibaba chake, akanishika mkono nisiondoke.

"Kafara ya nini, mwanangu?"

"Ya kiapo, bibi."

"Uliapia nini?"

"Wazungu wenye magita..."

"Kwa hiyo hukwenda Marekani?"

"Sikwenda."

"Na waya hukuuma?"

"Sikuuma."

Akasikitika kweli kweli. "Masikini... Na mie nilikuwa naipenda ile ya waya."

Nilirudi nyumbani kikapu kitupu, uso umenishuka. Mzee Mmanga nikamkuta keshakaa kwenye busati, Shehe Othman pembeni, chano katikati.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Sasa niambie kwa ukweli, mzee mwenzangu. Ipi bora? Creed au Nickelback?"

Nikakiweka kikapu chini.

"Sijui," nikasema. "Creed sijawahi kuwasikia hata siku moja."

Mzee Mmanga alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Kisha akanikumbatia. Fatiha ikasomwa! Nyuma ya pazia vigelegele, na kati yake nikaisikia sauti ya mwanangu.

Funzo, ndugu zangu: hadithi itie chumvi utakavyo, watu wataila na wataomba tena. Lakini usiitie kiapo. Chumvi unailipa kwa kuchekwa. Kiapo watakulipia wanao.

Tukashiba, tukatulia. Mzee Mmanga akatoa simu yake, akasema haifai nife bila kuwajua. Akaniwekea Creed wenyewe, wa kweli.

Nikasikiliza. Gita zito. Sauti nzito. Uso unajikunja wenyewe.

"Unaonaje?" akauliza.

Na mdomo wangu, jamani... uleee, unateremka mlima!

"Hii? Wallahi, hii niliwafundisha mie!"

Shehe Othman alinyoosha kidole tu, kuelekea jikoni.

"Mchele uko kwenye ndoo ya buluu," akasema Bi Saada.

Nikanyanyuka, nikaenda kupima.