Simu Chini ya Pasi

Mama Uzi alikuwa mshonaji wa sare za shule. Wateja ndio waliompa jina hilo, kwa sababu hakuna siku aliyotoka kibandani bila kipande cha uzi kuning'inia nguoni. Walimtania, naye akawajibu, mashine ikiendelea kuunguruma.

Lakini siku hizo utani ulikuwa umemwisha. Binti yake wa pekee alikuwa na mimba ya miezi minane. Katika uzazi wa kwanza alivuja damu nyingi na mtoto hakuishi. Safari hii mkunga alimwambia waziwazi, "Ukiona damu, hata kidogo, usisubiri. Njoo."

Binti aliishi upande wa pili wa mji, karibu na hospitali alikohudhuria kliniki. Mumewe alikuwa dereva wa lori, na siku hizo alikuwa safarini; majirani walishinda kazini, na hospitali haikuwa na gari la wagonjwa. Kwa hiyo mama na binti walipatana. Damu ikionekana, binti apige simu. Mama Uzi atamwita muuza mikate, jirani yake mwenye gari, na wataondoka mara moja.

Mpango ulikuwa mzuri, ila ulitegemea simu ya Mama Uzi, na simu hiyo ilikuwa inampa tumbo joto.

Ilikuwa imeingia mwaka wa nne. Zamani aliichaji asubuhi ikafika hadi usiku. Sasa saa sita mchana ilikuwa imekwisha. Ilipata moto bure bure, hata akiwa haitumii. Tena ilizima ghafla, wakati inaonyesha kwamba chaji bado ipo.

Siku moja ilizima hivyo hivyo. Alipoiwasha alikuta binti yake amepiga mara tano. Mama Uzi alimpigia papo hapo.

"Mama, ulikuwa wapi?" binti aliuliza kwa sauti ya kilio. "Mtoto alikuwa hachezi. Niliogopa!"

"Na sasa?"

"Sasa anacheza. Lakini nilipiga, nikapiga, hupatikani."

Mama Uzi aliweka simu mezani. Shati moja alilishona mkono nje ndani.

"Si umpelekee Fundi Kibano?" muuza mikate alimwambia. "Yuko hapo tu, kibanda cha tatu."

Fundi Kibano alitengeneza simu. Kile kibano chake cha kushikia vitu vidogo hakikumtoka mkononi, hata akila.

"Nimpe simu akae nayo siku nzima?" Mama Uzi aling'aka. "Na mtoto wangu akipiga? Thubutu! Akishajifungua salama, ndipo nitaipeleka."

Tangu siku hiyo hakuitoa simu kwenye umeme. Ilichajiwa asubuhi, ikachajiwa mchana, ikachajiwa jioni. Kisha mfuniko wa nyuma ukaanza kuinuka.

Mshonaji akiona pindo limeinuka, analikandamiza. Kola ikikunjamana, anaiwekea pasi. Mama Uzi alifanya kazi aliyoijua. Alishona mfuko mdogo wa kitambaa kigumu, akautia lastiki mbili, akaibana simu humo. Kisha akailaza juu ya rundo la sare, waya wa chaji ukiwa ndani bado, akaiwekea juu ile pasi yake nzito ya chuma. Pasi ilikuwa baridi. Aliona amefanya jambo la busara.

Baadaye Fundi Kibano alikuja kuchukua suruali yake.

"Mama Uzi, hiyo pasi imelalia nini?"

"Simu, baba. Imeinuka mgongo kidogo. Nainyoosha."

Fundi aliacha kutabasamu. "Zima umeme ukutani. Sasa hivi. Halafu rudi nyuma, usiguse kitu."

Mama Uzi alizima. Akarudi nyuma. Fundi alinyanyua pasi polepole, kwa mikono miwili. Alichomoa waya, akautelezesha ule mfuko kwenye sinia ya bati, akatoka nayo hadi kwenye uwanja mtupu mbele ya vibanda. Aliivua lastiki moja, kisha ya pili, uso ameugeuza pembeni.

Mfuniko ulikuwa umeachana na simu. Ndani, betri ilikuwa imetuna kama mto. Harufu kali ilitoka, mfano wa rangi ya kucha.

"Ni nini hicho?" Mama Uzi alinong'ona.

"Betri imevimba. Ndani kuna gesi. Ukiikandamiza, ukiitoboa au ukiendelea kuichaji, inaweza kuwaka. Tena huwaka ghafla, huna hata muda wa kukimbia. Sasa tazama ulikuwa umeilaza juu ya nini."

Mama Uzi aligeuka. Aliona rundo la sare limefika kiunoni. Aliona kibanda cha mbao chenye mlango mmoja, na kiti chake ndani kabisa, nyuma ya mashine. Akaketi chini.

"Ningeungua humo," alisema.

"Hukuungua. Sikiliza sasa." Fundi alichuchumaa karibu naye. "Betri ya simu ina umri wake. Ukiichaji kila siku, miaka miwili au mitatu inatosha kuichosha. Na haichoki kimya kimya. Chaji inaisha upesi. Simu inapata moto bila sababu. Inazima wakati bado inaonyesha chaji. Hayo uliyaona?"

"Yote."

"Hapo ndipo ulipotakiwa kuja. Baadhi ya simu hata huandika zenyewe, kwenye mipangilio, hali ya betri. Ikishuka chini ya themanini kwa mia, na simu inakusumbua, badilisha. Lakini mfuniko ukiinuka, hakuna tena cha kupanga. Unazima, huchaji, unaiweka mbali na vitu vinavyoshika moto, unamwita fundi. Siku hiyo hiyo."

"Nilidhani nitanunua simu mpya."

"Ya nini? Kioo kizima, unasikia, unasikika. Kilichochoka ni betri tu. Nitakuwekea inayofaa aina hii ya simu. Usikubali kuwekewa yoyote tu kwa kuwa ni rahisi."

"Na mtoto wangu akipiga wakati simu iko kwako?"

Fundi alimtazama. "Kumbe ndilo lililokuzuia siku zote hizi?"

Mama Uzi aliitikia kwa kichwa. Machozi yalimlengalenga.

Simu ilipopoa, fundi alivaa glavu, akachomoa laini kwa kibano, akaitia kwenye simu yake ndogo ya batani. "Shika. Namba yako ni ile ile. Akipiga, itaita hapa."

Mama Uzi alimpigia binti yake papo hapo, ahakikishe. Ilipokelewa. Alishusha pumzi.

Baada ya saa moja simu yake ilirudi, mgongo umelala sawasawa. Betri iliyovimba fundi aliitia kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu, ili aipeleke kunakokusanywa betri mbovu. "Usiitupe jalalani, wala usiichome," alimwonya.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, simu iliita.

"Mama. Damu."

"Nyingi?"

"Nyingi. Nimekaa sakafuni."

Mama Uzi alipiga kelele kumwita muuza mikate, huku akikimbia. "Sikati simu, umesikia? Mlango umefungwa?"

"Kwa komeo."

"Tambaa ukaufungue. Sasa hivi, kabla hujaishiwa nguvu."

Alisikia kitu kikiburuzwa. Alisikia mtu akihema. Kisha komeo likalia.

Gari lilikata mitaa kwa zaidi ya nusu saa. Mama Uzi hakuacha kuongea hata pumzi moja. Majibu ya binti yalipungua, yakawa neno moja moja.

"Mama, nataka kulala."

"Hulali! Fumbua macho! Nihesabie matofali ya ukuta huo. Hesabu nisikie!"

"Moja... mbili..."

Mara kwa mara Mama Uzi aliitazama simu kwa hofu, akingoja izime. Haikuzima. Mwisho binti hakujibu tena, lakini pumzi yake ilisikika, nyembamba. Mama Uzi alizidi kufoka hadi gari liliposimama. Mlango ulikuwa wazi. Walimbeba.

Hospitalini walimpeleka moja kwa moja chumba cha upasuaji. Mkunga alipotoka alikuwa amebeba mtoto wa kike, mdogo, analia kwa hasira. "Mama yake yu hai," alisema. "Muuza mikate amenieleza habari za mlango. Mngeukuta umefungwa, mngechelewa."

Mama Uzi alimpokea mjukuu. Akaketi naye mlangoni pa chumba hicho, akimsubiri mama yake.

Jioni binti alifumbua macho. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Mama," alisema polepole, "nilikuwa nakwenda. Ila ulivyokuwa unafoka, niliogopa kulala."