Anwani ya Mjomba Kipkemboi

Kila Jumapili baada ya kanisa, Jerotich na mama yake, Chelagat, walitoka nyumbani kwao Langley Park, Maryland, wakaenda Springfield, Virginia, kwa mjomba Kipkemboi. Walikula ugali, kisha mjomba akawapa barua zao. Yeye ndiye aliyetangulia kufika Marekani, kwa hiyo kila jamaa aliyemfuata alitumia anwani yake. Chelagat na bintiye walikuwa na kisanduku chao cha barua tangu miaka minane iliyopita. Kilijaa matangazo ya pizza tu.

Jerotich alisoma chuo kikuu, College Park. Jioni alikaa kitandani na kompyuta, akiwajibu wateja wa kampuni moja ya Virginia. Ofisi yenyewe hakuwahi kuiona. Siku ya kuajiriwa aliandika anwani ya mjomba bila hata kufikiri.

Jumapili moja mjomba alimpa barua ya chuo. Chuo kiliuliza kama kweli yeye ni mkazi wa Maryland. Kilitaka nakala ya fomu yake ya kodi ya Maryland. Akikosa, atalipa ada ya mwanafunzi wa nje ya jimbo, ambayo ni kubwa zaidi.

"Hiyo fees hatuiwezi," alisema Chelagat, ambaye kazi yake ni kutunza wazee. "Hata nikifanya shifti mbili."

Jerotich aliogopa sana. Fomu hiyo hakuwahi kuijaza.

Kesho yake walibisha kwa jirani, Bi Rahma wa Unguja. Yeye hujitolea maktabani kuwajazia watu fomu za kodi.

"Shikamoo, Bi Rahma."

"Marahaba. Mbona mmenuna nyote wawili?"

Walimweleza habari ya barua. Bi Rahma alisoma karatasi ya mshahara wa Jerotich wa mwaka mzima, kisha akavua miwani.

"Unalala wapi, mwanangu?"

"Hapa Langley Park."

"Na kazi unafanyia wapi?"

"Hapa hapa, kwa bed yangu."

"Basi mbona umekatwa kodi ya Virginia?"

"Si kampuni iko huko? Nilidhani ukishakatwa, umemaliza."

"Wengi hudhani hivyo. Wewe mkazi wa Maryland, kodi ya mshahara wako ni ya Maryland. Majimbo haya mawili yamekubaliana hivyo. Lakini kampuni uliiambia unakaa kwa mjomba wako."

"Kwa hivyo nimekuwa nikilipa kodi ya anko?"

Chelagat alicheka, mara ya kwanza tangu jana.

"Jaza fomu ya Maryland, uonyeshe mapato yote," alisema Bi Rahma. "Jaza na ile ya Virginia ya wasio wakazi, udai walichokukata. Kisha iambie kampuni ibadilishe anwani na makato."

"Nisubiri Virginia warudishe kwanza?"

"La. Maryland ina tarehe yake ya mwisho."

"Rafiki yangu Shiku pia anafanyia kampuni ya mbali, iko New York. Afanye hivi hivi?"

"Aulize kwanza. Kila jimbo lina sheria zake."

Jumamosi walijaza fomu zote maktabani. Jerotich alipeleka nakala chuoni, pamoja na mkataba wa nyumba yao, kisha yeye na mama yake wakabadilisha anwani zao kila mahali.

Wiki tano baadaye, kwenye kisanduku chao, kati ya matangazo ya pizza, palikuwa na barua ya chuo. Alikubaliwa kuwa mkazi. Jerotich aliisoma mara mbili akiwa amesimama pale pale, akafurahi hadi machozi. Baadaye Virginia nao wakamrudishia chake.

Jumapili mjomba alifungua mlango mikono mitupu.

"Leo hamna hata barua moja," alisema kwa huzuni. "Sasa mtakuwa mnakuja kufanya nini?"

"Kukula, anko," alisema Jerotich, akapita moja kwa moja hadi jikoni.